Msikilizaji wa Pili: Bendi za Wachache Zikisikilizwa Oli

Siku niliyoweka albamu ya Duma kwa sauti ya juu nje ya nyumba yetu mtaani Oli, fundi wa pikipiki jirani yetu aliweka spana chini, akaja mpaka kibarazani, akaniuliza kwa upole kama spika yangu imepasuka. Nikamwambia hapana, wimbo wenyewe ndivyo ulivyo. Akasikiliza tena kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Basi aliyepasuka ni huyo anayeimba." Watoto wakacheka. Nilizima simu nikaingia ndani na hasira zangu. Lakini lazima nikiri kwamba pamoja na hasira nilikuwa na furaha ya siri. Nilijiambia kwamba wao hawaelewi. Nilijiona mtu wa pekee katika mtaa mzima.

Insha hii inahusu furaha ile ya siri, ambayo siku hizi naiona kuwa ni ugonjwa wa wapenzi wa muziki wa aina yangu. Nitazungumzia bendi tatu na mwimbaji mmoja, wote wakiwa na uhusiano na roki, yaani muziki unaotegemea gitaa la umeme, dramu nzito na sauti isiyoogopa kukwaruza. Nimewachagua kwa sababu ni wanamuziki wa wachache. Hawapigwi kwenye harusi zetu, ambako Wanubi wanacheza doluka na vijana wanadai Lingala. Hawapigwi kwenye teksi wala dukani kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye memori kadi. Mpenzi wao anawatafuta mwenyewe, usiku, data ikiwa rahisi, akiwa na spika ndogo masikioni. Hoja yangu ni kwamba uchache huo si sifa, na kwamba bendi ya wachache hupimwa vizuri pale inapomfikia mtu ambaye hakuitafuta. Mtu huyo ninamwita msikilizaji wa pili.

Kwanza niijibu hoja ambayo wapenzi wa roki huitumia kila mahali. Kuna kauli inayohusishwa na Brian Eno, mwanamuziki na mtayarishaji kutoka Uingereza, kuhusu The Velvet Underground, bendi ya New York. Inasemwa kwamba albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1967, ilinunuliwa na watu wachache, lakini karibu kila aliyeinunua alianzisha bendi yake. Ni kauli nzuri, na kwa miaka mingi niliitumia kama ngao. Mtu akiniambia, "Hao hawana wasikilizaji," namjibu kwamba wasikilizaji wachache wenye moto wanatosha.

Lakini tuilete kauli hiyo Arua tuone kama itasimama. Mtu akinunua santuri New York, kesho anaweza kununua gitaa la mkononi, kulichomeka ukutani na kuanza kelele. West Nile kwa miaka mingi haikuunganishwa kwenye gridi ya umeme ya taifa. Tulikuwa na umeme wetu wa kienyeji, wa saa chache, wa leo upo kesho haupo. Gitaa la umeme bila umeme ni ubao wenye nyuzi. Ndiyo maana ala iliyostawi kwetu ni adungu, kinubi cha Waalur, ambacho makanisani hupigwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia kile kidogo chenye sauti nyembamba hadi kile kikubwa kinachofanya kazi ya besi. Vijana wa kwetu hawakukosa moto. Walikosa soketi. Kwa hiyo kipimo cha kuhesabu bendi zilizozaliwa hakitufai. Ninapendekeza kingine: je, mtu wa pili akipewa wimbo huo, bila kuombwa aupende, utamfanya nini?

Nianze na Sunburst, kwa sababu waliimba kwa Kiswahili na sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Bendi hii ilianzia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikiwa na wanamuziki waliotoka zaidi ya nchi moja. Mwaka 1976, wakiwa Zambia, walitoa albamu iitwayo Ave Africa. Baada ya hapo karibu wasahaulike, mpaka mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilipokusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Angalia safari hiyo: wimbo wa Kiswahili unatoka Dar, unarekodiwa kusini, unalala miaka 40, halafu unarudi kwetu kupitia London.

Wimbo wao ninaoupenda zaidi ni "Enzi za Utumwani". Mwanafunzi wa sarufi atasimama kwenye jina lenyewe. Hawakusema "enzi za utumwa", bali "utumwani". Kiambishi kile kidogo cha mwisho kinaugeuza utumwa kuwa mahali, kama sokoni au shambani, mahali ambapo watu waliwahi kuwapo, na kama palikuwa na njia ya kuingia basi palikuwa na njia ya kutoka. Sijui kama watunzi walikusudia hivyo, na mhakiki hahitaji ruhusa yao. Gitaa linafanya kazi ileile. Limechafuliwa sauti kwa makusudi, linakwaruza kama mnyororo unaoburutwa, huku dramu zikienda mbele bila huruma. Hapo nilijifunza jambo ambalo darasani hatukuambiwa: Kiswahili, ambacho silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kinakaa vizuri ndani ya kelele. Irabu zile wazi hupita juu ya gitaa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Walipoimba kwa Kiingereza, kwa maoni yangu, Sunburst walipungua. Ujumbe ukawa wa mabango ya mkutano: tupendane, tuishi pamoja. Ni maneno mema, lakini hayana mahali pa kukaa kama "utumwani".

Msikilizaji wangu wa pili wa Sunburst alikuwa mjomba, ambaye muziki wake ni dansi ya zamani ya Kongo na ya Tanzania. Alisikiliza akiwa anakunywa chai. Wimbo ulipokwisha aliuliza, "Hawa walikuwa wapi siku zote?" Hakusema ni wazuri. Aliuliza walikuwa wapi, kama mtu anayeonyeshwa ndugu ambaye hakujua anaye. Swali hilo lilinitia aibu, maana mimi nilikuwa nao kwenye simu mwaka mzima bila kumwambia.

Wa pili ni W.I.T.C.H. wa Zambia, bendi iliyojulikana zaidi katika ule muziki ambao wakusanyaji wa santuri siku hizi wanauita Zamrock. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, jina lililotokana na Mick Jagger wa The Rolling Stones. Albamu yao Lazy Bones!! ilitoka mwaka 1975, wakati ambapo shaba ilikuwa imewapa vijana wa miji ya migodi fedha kidogo, kumbi na magitaa. Kisha bei ya shaba ikaanguka, kanda za kurudufiwa zikaua mauzo ya santuri, na katika miaka iliyofuata UKIMWI ukawachukua wengi wa kizazi kile cha wanamuziki. Jagari mwenyewe aliacha muziki, akafundisha, baadaye akaingia kwenye uchimbaji wa vito. Rekodi ziliporudishwa na wakusanyaji wa Marekani na Ulaya, naye alirudi jukwaani, na mwaka 2023 bendi hiyo, ikiwa na vijana wengi wapya, ilitoa albamu iitwayo Zango.

Kuhusu bendi hii maoni yangu yatawaudhi wapenzi wenzangu. Magitaa ya Lazy Bones!! ni ya ajabu: yanaanza taratibu, yanajikunja, halafu yanakuruka. Lakini nashuku kwamba sehemu ya sifa zinazomwagiwa Zamrock ni sifa ya uhaba. Santuri halisi zilikuwa chache, kwa hiyo zilipanda bei, na kilichopanda bei kikaanza kuitwa kizuri. Tukisahau hilo, tutasifu kila kilichopotea kwa sababu tu kilipotea. Maneno yao ya Kiingereza mara nyingi ni ya kawaida, ya kuazima kutoka kwa santuri za Waingereza. Naelewa sababu: Zambia ina lugha nyingi, na Kiingereza kilikuwa uwanja wa wote. Hata hivyo masikio yangu yanasikia pengo.

Niliwaweka kwenye spika chumbani kwetu bwenini. Mwenzangu anayetoka Yumbe, ambaye hapendi kabisa muziki wangu, alianza kucheza kwa mabega bila kujijua, huku anapiga pasi shati. Alipogundua kwamba namtazama aliacha. "Hawa wanaimba nini?" akauliza. Nikamweleza. Akasema, "Afadhali usingeniambia." Hukumu yake na yangu ni moja: mwili unakubali, sikio la maneno linabaki na njaa.

Sasa nirudi kwa Duma, waliosababisha fundi aje kibarazani. Ni vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja mwenye sauti na Sam Karugu mwenye gitaa na mashine. Albamu yao inayobeba jina la bendi ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina la kampuni hiyo Mswahili wa pwani hawezi kulitamka mbele ya wakwe, ingawa Waganda wanasema kwao ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma, basi tuwaachie. Na jina la bendi nalo lina mtego. Kwetu duma ni mnyama mwenye mbio kuliko wote. Wenyewe wameeleza kuwa ni giza, kwa Kikuyu. Nikisikiliza nasikia yote mawili, maana midundo ya mashine inakimbia kuliko mkono wa mpiga dramu yeyote, na ndani ya mbio hizo hakuna taa.

Tatizo langu na Duma ni tatizo la elimu yetu. Tumefundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui. Tunaanza na dhamira, tunaendelea na wahusika, tunamaliza na lugha. Ukimpeleka Duma kwenye karatasi hiyo, anapata sifuri, kwa sababu maneno hayasikiki. Sauti ya Khanja inapanda, inakwama, inatapika, inalia. Ni sauti ya mtu kabla hajapata neno. Lakini nani kasema kwamba kilio hakina maudhui? Kwenye matanga yetu, yule anayepiga yowe la kwanza hatoi taarifa yoyote, na bado mtaa mzima unaelewa kilichotokea. Kwa hiyo simkubalii anayesema kwamba Duma ni kelele tupu.

Lakini pia sitamdanganya msomaji. Albamu nzima, kutoka mwanzo hadi mwisho, inanichosha. Yowe la kwanza linaitisha watu, ila yowe la dakika arubaini linawafanya wazoee. Na fundi yule, ambaye nilimdharau, alikuwa amehakiki vizuri kuliko mimi. Aliposema kwamba aliyepasuka ni mwimbaji, alikuwa ametaja dhamira. Mimi nilikuwa nimetaja tu jina la bendi na mwaka.

Wa mwisho ndiye niliyemwogopa. Geoffrey Oryema hakuwa na bendi ya roki, na wengine watasema hastahili kuwa kwenye orodha hii. Mimi nilimfikia kwa njia ya roki. Nilikuwa nafuatilia kazi za Brian Eno, yuleyule wa kauli ya The Velvet Underground, na kazi zake na Talking Heads, nikakutana na albamu iitwayo Exile, ya mwaka 1990, iliyotolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel, na kutayarishwa na Eno. Mwimbaji alikuwa Mganda, Mwacholi, anayepiga nanga na lukeme. Nilitoka Arua nikazunguka London na New York, nikaletwa nyumbani. Moja ya nyimbo zake inaitwa "Land of Anaka". Ukisafiri kutoka Arua kwenda Gulu kupitia Pakwach na Olwiyo, unapita Anaka. Nimepita hapo mara nyingi nikilala kwenye basi.

Sababu ya woga wangu ni hii. Baba yake Geoffrey, Erinayo Oryema, alikuwa waziri katika serikali ya Idi Amin. Februari 1977 alikufa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwingine, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba ni ajali ya gari, na ni wachache walioamini. Watu hao waliuawa. Geoffrey, akiwa kijana wa miaka 24, alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa kwenye buti ya gari, kisha akaenda Ufaransa. Na mimi ni mtu wa Oli, mama yangu anatoka Koboko, na Amin alikuwa Mkakwa kama wao. Babu yangu alikuwa askari. Nyumbani kwetu mwaka 1977 hautajwi. Unaotajwa ni 1979, tulipokimbia sisi.

Kwa hiyo Exile niliisikiliza peke yangu, spika masikioni, kama mtu anayesoma barua isiyokuwa yake. Nilijiambia kwamba nailinda kwa sababu ni muziki wa wachache, wa watu wenye masikio. Si kweli. Nilikuwa naogopa swali la msikilizaji wa pili.

Msikilizaji huyo alikuwa haboba, yaani bibi yangu, ambaye aliishi kambini Gulu miaka mingi na anasikia Kiacholi. Alasiri moja aliniomba nimwekee "hicho unachojifungia nacho". Sikuweza kukataa. Niliweka "Piny Runa Woko". Alisikiliza macho chini, vidole vikihesabu tasbihi, halafu akasema, "Huyu analilia kwao." Nikamwambia ni mtoto wa nani. Alinyamaza muda mrefu. Nilidhani ataniambia nizime. Akauliza, "Alitoka vipi?" Nikamweleza habari ya buti ya gari. Akasema, "Sisi tulitoka kwa miguu. Mpaka Kaya, halafu Yei. Mama yako mgongoni." Hakusema kwamba kilio chao na chetu ni sawa, na mimi sisemi hivyo, aliyemlilia baba aliyeuawa na aliyekimbia kisasi hawawezi kuwekwa kwenye mzani mmoja kirahisi. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kusikia mwaka 1977 na mwaka 1979 katika mazungumzo mamoja nyumbani kwetu.

Kisha akahakiki. "Mbona imesafishwa hivi?" akaniuliza. "Nanga ina mchanga wake. Hii imepigwa pasi." Nilitaka kumtetea Eno, nikashindwa, kwa sababu ni kweli. Udhaifu wa Exile ni huo: hewa ya studio ni safi mno, vinanda vimetandikwa kama shuka jeupe hospitalini, na nyuzi za nanga, ambazo huwa na mkwaruzo wake, zinasikika kutoka mbali. Huenda usafi huo ndio uliomwezesha Mfaransa na Mwingereza kusikiliza. Ila kuna mahali, pale sauti ya Oryema inaposhuka chini kabisa karibu na kunong'ona, usafi unamsaidia, kwa sababu hakuna kitu kingine cha kujificha nyuma yake. Hapo haboba alifumba macho.

Oryema alirudi Uganda kuimba mwishoni mwa mwaka 2016, baada ya karibu miaka 40, akafariki Ufaransa mwaka 2018. Kwa waliokuwa kwenye tamasha lile Kampala alikuwa mwimbaji mkubwa. Kwa Oli alikuwa faili kwenye simu ya mtu mmoja mwenye kujiona.

Mhadhiri mmoja aliyesoma rasimu ya insha hii aliniuliza kama kipimo changu si hatari, maana kikifuatwa, kila muziki mgumu utahukumiwa na mtu asiye na subira. Ni swali la haki. Nitajibu kwamba msikilizaji wa pili hahitaji kupenda. Fundi hakupenda, mjomba hakusema kama amependa, mwenzangu wa Yumbe alipenda kwa mabega tu. Kinachotakiwa ni kwamba muziki umpe neno la kusema ambalo mimi sikuwa nalo. Sunburst walipita mtihani huo. Oryema alipita kuliko wote. W.I.T.C.H. walipita nusu. Duma walipita mbele ya fundi bila mimi kujua, ingawa kwenye simu yangu nimebakiza nyimbo zao tatu tu.

Wanafunzi wenzangu, kama mmevutiwa, anzeni na "Enzi za Utumwani", na msianze peke yenu. Toeni spika masikioni, muwekeeni mtu mzima nyumbani, halafu nyamazeni mpaka aseme yeye kwanza. Haboba bado anadai kwamba niitafute nanga isiyopigwa pasi. Naitafuta.